Kichupa Kwenye Friji ya Mama Soda

Mtaani walimwita Vidole, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa msusi. Ukikaa mbele yake kwenye kigoda pale kibarazani, kabla hujamaliza kusimulia ugomvi wako na wifi yako, kichwa kimeshagawanyika mistari iliyonyooka kama imepigwa rula. Wateja walisema vidole vyake vina macho. Yeye akiambiwa hivyo hucheka na kujibu, "Lazima viwe nayo, maana haya mengine mawili yako chumbani kwa Mama."

Na hakuwa anatania sana. Siku zote alikaa upande ule ule wa kibaraza, ubavu wake kwenye dirisha la chumba cha mama yake, pazia limesogezwa, ili akiinua kichwa tu aone kitanda. Mama yake alikuwa na kisukari, kile cha kuchomwa sindano asubuhi na jioni. Katika uzima wake alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa sauti, aliyezoea kukoroga sufuria kubwa kama pipa huku anawafokea watoto wakae kwenye foleni. Sasa alikuwa mtu wa kitandani, mguu mmoja una ganzi na macho yana ukungu. Ulimi tu ndio haukupata ugonjwa wowote.

Siku moja binti mmoja wa zahanati, ambaye wote walimwita Dada wa Afya, alipita nyumba kwa nyumba. Akamkuta Vidole kazini, akavuta ndoo akaigeuza na kuikalia.

"Safari hii sikuja kumpima mama," alisema. "Nimekuja kukupima wewe. Tunataka kujua mzigo wa wanaouguza watu wa kisukari ukoje."

"Mzigo wangu unapimwa kwa mizani gani?" Vidole aliuliza, chanuo mdomoni.

"Kwa namba tu. Sifuri ni huoni shida yoyote. Kumi ni umefika mwisho, huwezi tena."

Vidole alichungulia dirishani. Mama alikuwa amefumba macho, lakini masikio yake yanajulikana.

"Weka mbili."

"Mbili tu, dada yangu?"

"Mbili. Yule ni mama yangu, siyo gunia la mkaa."

"Haya. Una msaidizi?"

"Kaka yangu yupo mji mwingine. Anatuma salamu na ushauri, vyote kwa wingi."

Mteja aliyekuwa anasukwa akacheka mpaka mstari ukataka kupinda.

"Unalala vizuri?"

"Nalala."

"Huwa unamkasirikia mgonjwa?"

"Mungu apishe mbali!"

Sauti ikatoka dirishani, nzito na ya taratibu: "Muulize jana alimfokea nani kwa sababu ya kijiko cha asali."

Wakacheka wote, na Vidole akacheka zaidi yao, ili lipite. Dada wa Afya alipoondoka alisema atarudi. Ile mbili aliondoka nayo, lakini hakuonekana kama mtu aliyeiamini.

Nyumba ile haikuwa na friji. Dawa ya Mama, insulini, inataka baridi, na siku nesi alipomfundisha Vidole kuchoma sindano alimwambia mambo mengi kwa mpigo: pa kuchoma, jinsi ya kuvuta, jinsi ya kubingirisha kichupa viganjani mpaka dawa ifanane na maziwa mepesi, ukae naye vipi akianza kutetemeka. Mtu mwenye hofu hashiki yote. Lililomwingia Vidole likakaa lilikuwa moja: baridi. Akatoka pale moja kwa moja mpaka kwa jirani yake anayeuza vinywaji, Mama Soda, akamshika mikono yote miwili.

"Mama Soda, nakuomba kwa ajili ya Mungu. Nikuwekee kichupa humu ndani. Kiwe kwenye baridi, baridi isikose hata kidogo. Kikipata joto, Mama anakufa."

"Asife mikononi mwangu," alisema Mama Soda, na akakitengea mahali mlangoni mwa friji, juu ya chupa za maji.

Mama Soda alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa machozi, mwenye kibanda kidogo cha mbao kilichojaa friji hiyo mpaka yeye mwenyewe hukaa nje. Hakuwahi kudai shukrani. Alfajiri Vidole anapofika, Mama Soda anafungua friji, anampa kichupa chake. Vidole anakwenda, anamchoma Mama, anakirudisha. Jioni vivyo hivyo. Mambo yalikwenda hivyo muda mrefu, na namba za Mama kwenye kimashine cha kupimia sukari zilikuwa za kumshukuru Mungu: sita, nane, ikizidi sana tisa.

Kisha umeme ukaanza kucheza. Unakatika asubuhi, unarudi mchana, unakatika tena kabla soda hazijapoa. Mtaa mzima ulilalamika. Vidole alikimbia kwa Mama Soda roho juu.

"Dawa?"

"Nimeishughulikia," alisema Mama Soda. "Wewe nenda kasuke. Umeme ukate usikate, dawa yako haitaliona joto."

Vidole akamwombea baraka palepale barabarani. Tangu siku hiyo, kila akifika alikuta kichupa kimeshatolewa, kimefungwa ndani ya kitambaa safi juu ya meza, kinamngoja. Akaona ni heshima ya jirani, kwamba anarahisishiwa.

Wiki haikuisha. Kimashine kikasema kumi na nne.

"Umekula nini, Mama?"

"Ulichonipa."

Kesho yake kumi na nane. Mama akaanza kuomba maji, anamaliza jagi anaomba jingine, anataka kupelekwa chooni kila mara, na kila mara Vidole anaacha kichwa cha mtu nusu kimesukwa nusu kimesimama. Mteja mmoja aliondoka hivyo hivyo amefunga kitambaa, anasonya.

Vidole alipunguza chakula cha Mama. Alitoa sukari yote jikoni akaitia kwenye mkoba wake wa nywele za bandia, akaufunga zipu. Namba ikapanda. Akamweleza kaka yake kwa simu, na kaka akajibu kwa ile sauti yake ya mtu aliyeketi vizuri: "Huyo anaiba sukari. Wazee wa kisukari ndivyo walivyo, kama watoto. Mlinde." Kisha akamwambia azidi kusali. Vidole alikuwa anasali. Alikuwa anasali huku anachanganya uji usio na kitu, huku anafua mashuka, huku amesimama kwenye foleni ya maji, na mara nyingine alijikuta katikati ya sala amesahau anaomba nini.

Lile neno la kaka likamwingia. Anaiba sukari. Akaanza kumtazama mama yake kama mwenye duka anavyomtazama mtu anayezungukazunguka bila kununua. Mama akitoka msalani, ananusa pumzi yake. Akitandika kitanda anapapasa godoro. Na siku ambayo kimashine kilisema ishirini na tatu, alipapasa chini ya mto akakuta kitambaa kimefungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na pipi mbili, na karatasi moja tupu ya pipi.

Kulikuwa na wateja wawili kibarazani. Dirisha lilikuwa wazi. Hakulijali.

"Hii ni nini?"

Mama alikunja uso ili aone. "Pipi."

"Naona ni pipi! Nimeuliza zinafanya nini hapa?"

"Nesi alisema niwe nazo karibu, sukari ikishuka."

"Ikishuka? Ishirini na tatu, Mama! Hiyo imeshuka kutoka wapi? Na hii iliyoliwa?"

"Hiyo ni ya zamani. Siku ile ulipokuwa na yule bibi harusi. Nilitetemeka, jasho likanitoka. Nikala moja, ikatulia."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa umefika katikati ya kichwa. Sikutaka uharibu mstari."

Ingekuwa siku nyingine, Vidole angelia aliposikia hivyo. Siku hiyo alikuwa amechoka hadi kwenye kucha, na aliyasikia maneno yale kama uongo uliotengenezwa vizuri.

"Unanidanganya. Kila siku nakuchoma, kila siku nakupikia vyako mbali na vyangu, na kila siku unapanda. Unakula. Unakula nikigeuka. Unataka nife kabla yako?"

"Naapa kwa Mungu aliyeniumba, mwanangu, sijatia sukari mdomoni."

"Usimtaje Mungu kwenye hili!"

Mama alimtazama kwa yale macho yenye ukungu, akangoja mpaka Vidole alipozitia zile pipi mfukoni. Kisha akageukia ukutani. Vidole alirudi kibarazani, akakaa, akashika nywele. Wateja walijifanya wanatazama barabara. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alifumua mstari aliousuka mwenyewe kwa sababu ulipinda.

Jioni ile alimchoma sindano bila kusema naye. Alipobingirisha kichupa viganjani aliona dawa ina punjepunje, nyingine zimeganda kwenye kioo kama chengachenga za sabuni. Akabingirisha tena, kwa nguvu. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya nywele, mawazo yake yalikuwa kwenye zile pipi. Akavuta, akachoma, akamaliza.

Asubuhi ya siku ya pili Mama alitapika. Alitapika hata maji. Vidole akampima, kimashine kikafikiri kidogo, kisha badala ya namba kikaandika herufi mbili. Alijua maana yake. Maana yake ni kwamba sukari imepita mahali kimashine kinapoweza kuhesabu.

"Mama. Mama, nitazame."

Mama alifungua macho nusu, akayafunga. Alikuwa anapumua kwa kina na kwa haraka, kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyolala. Vidole alipiga simu zahanati. Dada wa Afya ndiye aliyepokea.

"Mlete sasa hivi, usingoje kitu. Na uje na ile dawa yake, kichupa chenyewe, tukione. Umenisikia? Kichupa chenyewe."

Jirani mmoja alikwenda kutafuta gari. Vidole alimfunika Mama shuka, akatoka mbio, miguu peku, mpaka kwa Mama Soda. Ilikuwa saa nne asubuhi, saa ambayo hajawahi kufika pale kuchukua dawa.

"Mama Soda, kichupa! Mama amezidiwa!"

"Maskini! Ngoja, ngoja." Mama Soda aliinuka, na hakufungua mlango wa kawaida. Alifungua kile kilango kidogo cha juu, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko katikati ya mifuko ya barafu, akapekua, akatoa kile kitambaa. Kilikuwa kigumu kama kipande cha ubao. Akakigonga ukingoni mwa friji, barafu ikapukutika, akakikunjua.

Kichupa kilikuwa cheupe chote. Dawa ilikuwa jiwe.

"Unaona?" alisema Mama Soda, anahema, na usoni alikuwa na fahari ya mtu aliyelinda amana. "Hata umeme ukikatika siku nzima, haipati joto. Huwa naitoa mapema kabla hujaja, iyeyuke. Leo umenikuta ghafla. Iweke kwapani itayeyuka njiani."

Vidole alikishika. Kilimuunguza kiganja kwa baridi. Alikumbuka kile kitambaa kila alfajiri juu ya meza. Akakumbuka zile punjepunje. Na katikati ya yote hayo akasikia sauti ya nesi siku ile ya kwanza, kama mtu anayeita kutoka chumba cha mbali, ikisema neno moja zaidi baada ya lile la baridi, neno ambalo hakulishika: isigande.

Alikifunga tena ndani ya kitambaa. Alikimbia.

Ndani ya gari alikaa nyuma, kichwa cha mama yake mapajani. Dereva alipiga honi mpaka sokoni wakawapisha. Vidole alikuwa anafuta ule mdomo mkavu kwa kitambaa chenye maji, anasema kwa sauti ya chini, siyo sala yenye mpangilio, ni maneno tu: "Hukula. Hukula, Mama. Mungu, hakula. Usimchukue kabla sijamwambia." Hilo moja ndilo lililokuwa linamkaba. Kufa, watu wote watakufa, alilijua. Lakini mama yake afe akiwa amegeukia ukutani, na kiapo chake kimekataliwa na mtoto wake mwenyewe mbele ya wateja, hilo hakujua angeliweka wapi maishani.

Zahanati walimpokea wakamtundikia maji. Nesi aliyeshika kile kichupa alikigeuza kwenye mwanga, akamtazama Dada wa Afya, akakitupa kwenye ndoo ya taka.

"Dawa hii ikiganda mara moja tu imekufa," alisema. "Mmekuwa mkimchoma maji."

"Atapona?"

"Tumeanza dawa mpya. Ngoja."

Akangoja. Alikaa kwenye benchi la korido, miguu yake ina vumbi. Walimpima Mama, bado kimashine kinaandika herufi. Wakampima tena, herufi. Kila nesi alipotoka mlangoni Vidole alisimama, na kila aliposimama aliambiwa akae. Kaka yake alipiga simu, akaanza, "Si nilikwambia sukari anai..." na Vidole akaikata. Hajawahi kumkatia kaka yake simu tangu azaliwe.

Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa dirisha nesi alipotoka na kusema, "Ishirini na sita." Vidole alipiga magoti palepale sakafuni. Huenda ni yeye peke yake duniani siku hiyo aliyemshukuru Mungu kwa ishirini na sita, lakini namba ni namba, ina maana kuna mahali pa kushukia. Wakamruhusu aingie.

Mama alikuwa amefumbua macho. Vidole aliinama mpaka paji la uso likagusa ule mkono usio na sindano.

"Mama, dawa iliganda kwenye friji. Hukula sukari. Nisamehe. Nilikufokea, nikakukatalia kiapo chako. Nisamehe."

"Kwa hiyo sikula."

"Hukula, Mama."

"Sema kwa sauti. Yule nesi amegeuka, hajasikia."

"Hukula sukari, Mama!" Vidole alisema, na kicheko na kilio vikamtoka kwa pamoja, vikamkwama puani. Mkono wa Mama uliinuka kidogo, ukamgusa kichwani, ukapapasa.

"Msusi gani huyu," Mama alisema, pumzi bado fupi. "Nywele zake mwenyewe kama kiota cha kunguru."

Mama Soda alifika kabla ya jioni, amefunga kibanda, amebeba chupa ya chai na mashuka safi. "Nimesogeza ile swichi ya friji mpaka mwisho kabisa," alisema akiwa bado mlangoni. "Mkirudi na kichupa kipya, baridi ipo."

Vidole alimtoa nje, wakakaa kwenye benchi. Njiani, ndani ya gari, kulikuwa na dakika ambayo alitaka kumrukia mwanamke huyu. Sasa alimtazama zile nyayo zilizopasuka na ile chupa ya chai.

"Mama Soda, mimi nilikwambia baridi isikose. Sikukwambia isigande. Sikujua. Ikiganda inakufa."

Ilichukua muda kuingia. Kisha Mama Soda akaweka chupa chini, akajifunika uso kwa mikono. "Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyekuwa namuua."

"Ulifanya nilichokuomba. Mimi niliziona zile punje nikachoma."

"Ni mimi!"

Kutoka ndani, dhaifu lakini ile ile: "Jamani, anayelia huko nje aingie alilie hapa, maana mgonjwa ni mimi."

Mama alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa, amekonda, mguu umebaki na ganzi yake. Kaka alikuja siku mbili, mara hii mwenyewe, siyo salamu zake. Alipomuona Vidole anamgeuza Mama, anampima, anamchoma, anamlisha, kisha anatoka kusuka mpaka giza linaingia, akaishiwa ushauri.

Dada wa Afya naye alirudi, akageuza ndoo yake akakaa.

"Naomba nikuulize tena. Sifuri mpaka kumi."

Vidole alichungulia dirishani kwa mazoea. Mama alikuwa macho, anawatazama.

"Ile mbili nilidanganya," alisema. "Niliona nikisema zaidi nitakuwa nimemwita mama yangu mzigo."

"Mwandikie tisa," Mama alisema kutoka ndani. "Mimi ndiye ninayembebesha, najua uzito wangu."

"Nane," alisema Vidole.

"Tisa!"

Dada wa Afya aliandika, akainua kichwa. "Na ni kitu gani kingeipunguza? Hata kwa moja tu."

Vidole alifikiri, vidole vyake vikiendelea kusuka vyenyewe. "Mtu mwingine ajue. Lile neno la nesi liliniponyoka na hapakuwa na mwenzangu wa kulidaka. Naogopa nisije nikaponyokwa na jingine."

Ndiyo sababu kesho yake alfajiri Mama Soda alikuwa amekaa pembeni ya kitanda cha Mama, mikono imeoshwa mpaka viwiko. Dada wa Afya alikuwa amesimama nyuma yake, na Vidole mlangoni. Kichupa kipya kilitoka mlangoni mwa friji, juu ya chupa za maji, mahali pake pa zamani. Mama Soda alikibingirisha, wakakitazama wote kwenye mwanga wa dirisha. Maziwa mepesi, hakina punje. Akavuta dawa. Sindano ilifika karibu na ngozi, ikasimama, ikarudi nyuma.

"Siwezi," alinong'ona Mama Soda.

"Utaweza," alisema Mama. "Ila shika taratibu. Hapa unachoma tumbo la mtu, hufungui soda."

Kibarazani mteja wa kwanza alikuwa ameshafika, anauliza kama kuna mtu. Vidole alibaki mlangoni mpaka alipoona sindano imeingia na imetoka. Kisha akaenda kumwekea mteja kigoda.